Magnesiamu ya moyo na magnesiamu ya kiungulia

Ingia duka la dawa lolote hapa Kigoma, pale Mwanga au Ujiji, useme unataka magnesiamu.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nipatie magnesiamu. Moyo unanienda mbio, leo siku ya tatu."

"Za kutafuna hizi hapa."

Hakuna aliyekosea hapo. Mama ametaja jina alilolisikia kwenye video aliyotumiwa WhatsApp, na muuzaji ametoa kile ambacho Kigoma, kama kwingineko nchini, kinaitwa kwa jina hilo hilo: kidonge cheupe cha kutafuna cha kutuliza kiungulia. Neno moja limebeba vitu viwili, na mama anarudi nyumbani akiamini ameanza tiba ya moyo.

Kidonge kile, kwa fomula yake ya kawaida, kina miligramu 250 za magnesiamu trisiliketi na miligramu 120 za alumini haidroksaidi. Magnesiamu yenyewe humo ndani ni kama miligramu 40 tu, na kiasi kinachovuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu ni kidogo sana, maana dawa hiyo imetengenezwa ibaki tumboni ipoze asidi. Hata hivyo wapo wanaoapa kwamba iliwatuliza moyo, na hawasemi uongo. Tumbo lililojaa gesi husukuma kiwambo kwenda juu, asidi nayo ikipanda kwenye umio huleta kitu kama kudunda kifuani. Gesi ikitoka, kifua kinapumua. Kilichotulia ni tumbo.

Ile magnesiamu nyingine, inayohusika kweli na mapigo ya moyo, ina mambo yake. Na swali la kwanza kuhusu hiyo si unywe vidonge vingapi. Ni kwamba yako, kama imepungua, inapotelea wapi.

Pigo la moyo ni chumvi zinazohama

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu imo kwenye mifupa, nyingi ya iliyobaki imo ndani ya misuli na viungo laini, na kwenye damu hamna hata asilimia 1. Hesabu hiyo ikae akilini, tutaihitaji tukifika maabara.

Seli ya moyo inawaka sodiamu inapoingia, inakaza msuli kalsiamu inapofuata, na inatulia potasiamu inapotoka. Kisha pampu iliyo kwenye ukuta wa seli inairudisha kila chumvi kwao: sodiamu nje, potasiamu ndani. Pampu hiyo inaendeshwa na nishati iitwayo ATP, na ATP haifai kitu mpaka ishikane na magnesiamu. Magnesiamu ikipungua pampu inalegea, potasiamu ndani ya seli inashuka, na seli inakuwa nyepesi kuwaka kabla ya zamu yake. Zaidi ya hapo magnesiamu hubana njia ya kalsiamu isiingie kupita kiasi. Njia ikiachwa wazi, seli iliyokwisha kupiga inaweza kupiga tena wakati wenzake wamepumzika. Hayo ndiyo mapigo ya ziada ambayo mtu huyaeleza kwa kusema "moyo umeruka" au "moyo umesimama kidogo ukadunda kwa nguvu".

Kazi inayosahaulika iko kwenye figo. Mirija ya figo ina milango ambayo potasiamu hupitia kwenda kwenye mkojo, na magnesiamu iliyo ndani ya seli hukaa kwenye milango hiyo kama kizibo. Magnesiamu ikiisha, vizibo vimetoka. Mgonjwa anapewa potasiamu ya vidonge wiki nzima, kila kipimo kinarudi chini ya kawaida, 2.9 au 3.0, na watu wanaanza kumshuku kwamba hanywi dawa. Anakunywa, ila anaikojoa. Ikirudishwa magnesiamu, potasiamu inapanda kwa dozi ile ile iliyokuwa haisaidii. Kwa hiyo potasiamu ikigoma kupanda, iombwe magnesiamu. Kipimo kikikosekana na figo zikiwa nzima, matabibu wengi huzirudisha zote mbili sambamba bila kusubiri.

Inakopotelea

Njia kuu ni dawa za kukojoza. Mtu mwenye moyo uliopanuka, au mwenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, humeza furosemidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Dawa hiyo inaondoa maji yaliyojaa miguuni na kwenye mapafu, na inaondoa potasiamu na magnesiamu pamoja nayo. Vidonge vya presha vya jamii ya thiazidi hufanya hivyo hivyo taratibu zaidi. Spironolaktoni inakwenda kinyume: inabakiza potasiamu na magnesiamu, na ndiyo sababu mojawapo ya kuichanganya na furosemidi. Mwenye spironolaktoni asijiongezee potasiamu ya dukani kwa kuwa tu jirani yake mwenye Lasix amepewa.

Pabaya zaidi ni pale furosemidi inapokutana na digoksini. Digoksini inafanya kazi kwa kuizuia kwa makusudi ile ile pampu ya sodiamu na potasiamu. Dozi iliyokuwa sawa mwezi uliopita inageuka sumu bila mtu kuongeza hata robo kidonge, kwa sababu magnesiamu na potasiamu zimeshuka. Dalili zake zinaanza tumboni: chakula hakipandi, kichefuchefu, kutapika. Nyumbani wanasema ni malaria au homa ya tumbo. Kadiri anavyokosa kula ndivyo chumvi zinavyozidi kushuka, kisha anaona vitu vina rangi ya manjano, na moyo unaanza kuruka au unakwenda polepole mno. Mtu mwenye digoksini anayetapika siku ya pili anahitaji ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, potasiamu na kipimo cha figo, hata kama kipimo cha malaria kimesoma ana vimelea. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Omeprazoli ni mwizi mpole. Watu huanza siku 14 za vidonda vya tumbo na kujikuta mwaka wa tatu bado wanainunua. Machi 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba jamii hiyo ya dawa, ikitumika kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka, inaweza kuishusha magnesiamu hadi mtu akapata mishtuko ya misuli, degedege na mapigo yasiyo sawa. Katika takriban robo ya wagonjwa waliochunguzwa, kuongezewa magnesiamu pekee hakukutosha, ikabidi dawa yenyewe isimamishwe. Hapo virutubisho ni sawa na kujaza pipa lenye tundu.

Kuhara nako kunaimaliza, hasa kukiwa kwa muda mrefu. Maji ya ORS yana sodiamu, potasiamu, sitreti na glukosi, magnesiamu haimo. Kuhara kwa siku mbili chakula kitafidia. Kuhara kwa mwezi hakufidiwi hivyo. Gongo inapiga pande mbili, figo zinaachia na mnywaji hali. Kisukari kisichodhibitiwa huivuta kupitia mkojo mwingi. Wodini zipo dawa zenye sifa hiyo: amfoterisini ya uti wa mgongo wa fangasi, jentamaisini, na sisplatini ya saratani.

Kabla ya kuilaumu magnesiamu

Moyo unaokwenda mbio Kigoma una sababu nyingi zilizo mbele ya magnesiamu kwenye foleni. Damu kupungua, hasa kwa mjamzito au mwenye minyoo ya safura. Malaria na homa yoyote. Tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi. Vali. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo madereva wa bodaboda hunywa tangu alfajiri. Hofu yenyewe. Mwenye hemoglobini ya 6, yaani damu kidogo mno, akipewa magnesiamu, moyo utaendelea kukimbia, na una haki ya kukimbia.

Jipime hivi. Kaa dakika tano bila kuongea. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Hesabu sekunde 60 kamili. Ile njia ya kuhesabu 15 ukazidisha kwa 4 inafaa kwa moyo unaokwenda sawa tu. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Kisha sikiliza mpangilio. Mapigo sawa yenye kuruka mara moja moja ni kitu kimoja. Mapigo yasiyo na mpangilio wowote, kama mvua ikianza kudondoka juu ya bati, ni kingine. Hayo yanaashiria chemba za juu za moyo zinapapatika, na hatari yake kubwa ni damu kuganda humo ndani, bonge likaruka ubongoni na kuleta kiharusi. Magnesiamu haiyeyushi bonge wala haichukui nafasi ya dawa ya kuzuia kuganda.

Kuzimia, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, au moyo unaopita 120 umekaa na hautaki kushuka: hizo si za duka la dawa. Ni hospitali ya Maweni au ya wilaya iliyo karibu, usiku huo huo.

Maabara inasema nini na inaficha nini

Damu ya kawaida ina magnesiamu ya kati ya 0.7 na 1.0 mmol/L. Kipimo cha chumvi za damu kinachofanyika mara nyingi hutoa sodiamu, potasiamu na kloraidi. Magnesiamu huandikwa peke yake kwenye fomu, na isipoandikwa haipimwi. Mgonjwa anaambiwa "chumvi zako ziko sawa" kumbe hii haikuguswa.

Jibu la chini ni la kuaminika. Jibu la kawaida halimalizi mjadala, kwa sababu ya ile hesabu ya asilimia 1: damu inaweza kujazwa kutoka kwenye mifupa na misuli huku ghala likipungukiwa. Kuna kosa jingine la sindano na chupa. Damu ikivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au ikitikiswa njiani, seli nyekundu zinapasuka na kumwaga potasiamu na magnesiamu zilizokuwa ndani yake. Majibu yote mawili yanapanda kwa uongo. Majimaji ya juu yakiwa mekundu badala ya rangi ya mkojo mwepesi, damu ichukuliwe upya.

Mahali ambapo magnesiamu haina mpinzani ni kwenye aina moja ya mapigo ya kuua. Mwaka 1966 daktari Mfaransa François Dessertenne aliandika kuhusu mchoro wa ECG ambao ncha zake zinajipinda kuzunguka mstari wa katikati, akauita torsades de pointes. Hutokea pale moyo unapochelewa kujiandaa baada ya kila pigo, muda ambao kwenye mchoro unaitwa QT. Dawa zinazourefusha muda huo tunazo mikononi kila siku: kwinini, haloperidoli, azithromaisini, eritromaisini, flukonazoli, na bedakwilini ya kifua kikuu sugu. Mchanganye mgonjwa wa namna hiyo na kuhara na kutokula, potasiamu na magnesiamu zishuke, njia imefunguka. Tiba ni gramu 2 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa, hata kama kipimo cha damu ni cha kawaida. Hiyo ni kazi ya wodi, yenye mashine na mtu anayejua kuisoma.

Tafiti hazikuwa na huruma

Kama magnesiamu inatuliza seli, kwa nini kila mwenye tatizo la moyo asipewe? Swali hilo liliulizwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1992 utafiti wa Leicester, Uingereza, uitwao LIMIT-2, wenye wagonjwa 2,316 wenye mshtuko wa moyo, ulionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 24 kwa waliopewa magnesiamu ya mshipa. Watu walishangilia. Mwaka 1995 ukaja ISIS-4 wenye wagonjwa 58,050, na faida haikuonekana. Mwaka 2002 MAGIC nao haukuiona. Leo mgonjwa wa mshtuko wa moyo hapewi kwa desturi.

Kwa mapigo ya ziada kuna utafiti mmoja tunaoupenda kwa sababu ya ukweli wake usiofurahisha. Mwaka 1997, Ujerumani, watu 232 wenye mapigo ya ziada mengi walipewa magnesiamu na potasiamu za kumeza au kidonge bandia kwa wiki tatu. Mapigo ya ziada yalipungua kwa asilimia 17.4. Dalili walizozisikia hazikubadilika. Yaani mashine iliona nafuu na mgonjwa hakuiona.

Kuhusu chemba za juu kupapatika, utafiti wa Framingham wa 2013 ulifuatilia watu 3,530 hadi miaka 20. Waliokuwa robo ya chini kabisa kwa magnesiamu ya damu walipatwa na tatizo hilo kwa asilimia 50 zaidi ya walio robo ya juu. Lakini kuwa nayo kidogo na kuugua si sawa na kusema ukiongezewa hutaugua. Maoni yetu: aliyepungukiwa anafaidika, na faida yake inaweza kuwa kubwa. Asiyepungukiwa ananunua mkojo wenye madini.

Kusoma lebo bila kudanganywa

Tuseme basi upungufu umethibitika au umeshukiwa kwa sababu ya maana, figo zimepimwa na ziko sawa, na daktari amekubali vidonge. Famasi kubwa za mjini zinaweza kuwa na aina tatu nne, nyingine huagizwa Dar es Salaam. Angalia maandishi madogo. Kinachotakiwa ni miligramu za magnesiamu yenyewe, uzito wa chumvi nzima haukusaidii. Magnesiamu oksaidi ni asilimia 60 magnesiamu, kwa hiyo kidonge cha 400 kina kama 240. Inavutia kwa hesabu, ila haiyeyuki vizuri na sehemu kubwa inapita moja kwa moja. Sitreti ni asilimia 16: miligramu 500 zina 80. Glaisineti ni kama 14: miligramu 500 zina 70, ina bei, na tumbo huivumilia kuliko zote. Mtu akilinganisha chupa mbili kwa namba kubwa ya mbele peke yake, atachagua vibaya.

Chumvi ya haluli, ambayo wazee wanaijua kwa kusafisha tumbo, ni magnesiamu salfeti yenye asilimia 10 hivi ya magnesiamu. Kijiko chake kinavuta maji kwenye utumbo na kukuharisha, na kuharisha kunapoteza kile ulichokuwa unakitafuta pamoja na potasiamu. Kwa moyo, iache.

Mtu mzima anahitaji kwa siku kutoka vyanzo vyote kama miligramu 420 akiwa mwanamume wa zaidi ya miaka 30, na 320 akiwa mwanamke. Kwa kirutubisho peke yake, Marekani wameweka mpaka wa 350 kwa siku, Ulaya 250. Anza na 100 baada ya chakula cha jioni. Baada ya wiki ongeza 100 nyingine asubuhi. Usizimeze zote kwa pamoja, kwani dozi ikiwa kubwa asilimia inayofyonzwa inashuka na inayobaki utumboni inaharisha. Choo kikilegea, rudi nyuma hatua moja. Ghala la ndani ya seli hujaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kulalamika siku ya tatu ni mapema, na kuendelea miezi sita bila kupima tena ni uzembe.

Saa za kumeza

Hapa makosa ni mengi kuliko mahali pengine, na yanahusu hata kile kidonge cha kiungulia. Magnesiamu na alumini hushikana na baadhi ya dawa tumboni zikawa donge lisilofyonzwa. Anayeumia zaidi ni mtumiaji wa TLD, yaani ARV zenye dolutegraviri. Dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake. Mtu anayemeza TLD saa 2 usiku na kutafuna vidonge vya kiungulia hapo hapo kwa sababu tumbo linamuwaka, kila usiku, anaweza kuona virusi vinapanda huku daftari lake la kliniki likionyesha hajakosa hata dozi moja. Mpango rahisi ni TLD usiku na magnesiamu saa 2 asubuhi. Mwambie mhudumu wa CTC, kliniki ya ARV, unatumia nini, hata kama ni cha shilingi mia mbili.

Siprofloksasini ifuate kanuni hiyo hiyo ya 2 kabla au 6 baada. Doksisaiklini itenganishwe saa 2 hadi 3. Dawa ya tezi, levothairoksini, saa 4.

Figo, na somo la wodi ya wazazi

Magnesiamu iliyozidi hutoka kwa njia moja tu, figo. Zikiwa zimechoka kwa presha au kisukari, inajilimbikiza. Mwanzo ni kichefuchefu, mwili kuwa na joto usoni, na kulegea. Kisha presha inashuka na moyo unakwenda polepole. Anayeijua hali hiyo kuliko daktari wa moyo ni mkunga. Mama mwenye kifafa cha mimba huchomwa magnesiamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye makalio, 5 kila upande, kisha 5 kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi mkunga anagonga goti, anahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, na anaangalia mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Goti likikataa kuruka, dozi haitolewi, na kalsiamu glukoneti gramu 1 inakaa mezani tayari. Sababu ni ngazi zinazojulikana: goti hunyamaza magnesiamu ya damu ikifika 3.5 hadi 5 mmol/L, pumzi hukwama 5 hadi 6.5, na moyo husimama ikipita 12.5.

Vidonge vya kumeza havimfikishi huko mtu mwenye figo nzima. Mwenye figo mbovu anaweza kufikishwa na dawa ya kulainisha choo tu. Kipimo cha figo, kriatinini, kinatangulia chupa ya magnesiamu, kila mara. Na mwenye moyo unaokwenda polepole, chini ya 50, asijipe magnesiamu kabla ya ECG.

Sufuria na ziwa

Kwa asiye na ugonjwa, chakula kinatosha, na Kigoma si maskini wa hiki. Unga wa dona una kati ya miligramu 90 na 130 kwa gramu 100, sembe iliyokobolewa ina kama 30. Muhogo uko chini, 20 hivi ukiwa mbichi, kwa hiyo mlo wa bada, ugali wa muhogo, peke yake mchana na usiku unategemea kabisa mboga. Ndipo yanapoingia maharage ya Kasulu na Kibondo: kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina miligramu 70 hadi 120 kwa kutegemea aina. Yaloweke usiku mzima na umwage maji, asidi inayoyabana madini itapungua. Karanga konzi moja, gramu 30, ni kama 50. Mbegu za maboga zilizokaangwa, kiasi hicho hicho, zinapita 150, na ajabu ni kwamba majiko mengi huzitupa. Kisamvu na mchicha vinasaidia. Migebuka, samaki wa ziwani, ni chakula kizuri cha moyo kwa sababu nyingine, magnesiamu yake ni ya wastani. Mawese hayana kabisa, ni mafuta.

Kisha kuna maji. Ziwa Tanganyika lina magnesiamu ya karibu miligramu 40 kwa lita, nyingi kuliko kalsiamu yake, jambo ambalo ni nadra kwa maji baridi. Inaletwa na Mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, lililokaa chini ya volkano za Virunga. Maji ya bomba ya mji wa Kigoma yanavutwa humo. Lita 2 kwa siku ni miligramu 80, sawa na kidonge cha sitreti cha 500, bila lebo. Ndugu zetu wa Tabora wanaopata maji ya Ziwa Victoria wana 2 au 3 kwa lita. Bado yachemshwe, maana kipindupindu hakijali madini.

Cha kubeba kwenda kliniki

Dawa zote unazotumia, kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kiungulia na za kienyeji. Daftari lenye tarehe, saa, mapigo kwa dakika, ulikuwa unafanya nini, na ilidumu dakika ngapi. Omba kriatinini, potasiamu, hemoglobini, na uombe kwa jina magnesiamu iandikwe kwenye fomu.

ECG inayofanywa moyo umeshatulia mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo ukianza kukimbia ukiwa karibu na kituo chenye mashine, nenda wakati huo huo, usingoje kesho ya miadi. Karatasi ya ECG ni ya joto, haina wino: ikikaa juani kwenye dashibodi ya basi au ikibandikwa selotepu, mchoro unafifia ndani ya miezi. Ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, mistari yote 12 pamoja na jina na tarehe, ili hata ukipewa rufaa ya Bugando au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, daktari wa huko auone moyo wako ulivyokuwa siku ile ulipokimbia.